Pingamizi la Baba wa Ubatizo

Nikisema sina aibu nitakuwa nadanganya, na kudanganya nimeacha (mtaona kwa nini). Mpaka leo nikipita mbele ya kanisa letu pale Nyakitonto natembea upande wa pili wa barabara, nikijifanya naangalia migomba ya watu, kwa sababu ndani ya kanisa hilo, Jumapili, mchana kweupe, mbele ya kwaya mbili na baba yangu mzazi, nilisimama juu ya benchi. Si kando ya benchi, juu yake. Mimi ni muuguzi, nina mume na cheti cha ndoa, watu wananiamini na sindano, lakini sokoni bado wapo akina mama wanaoniita yule wa kwenye benchi.

Ngoja nianzie mwanzo. Mimi ni mtu wa kuota macho wazi. Nilipokuwa mdogo, asubuhi za baridi ukungu ukishuka mpaka uani hata banda la mbuzi huoni, nilikuwa nakaa mlangoni na kikombe cha uji nikiamini nyuma ya ule ukungu kuna mji mwingine, una taa na ngazi na watu wanaotembea taratibu, na kwamba nikikaa kimya vya kutosha nitausikia. Uji ulipoa kila siku. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, kwa hiyo ni baba aliyekuwa ananiita, na alikuwa ananiita mara tatu ndipo niitike. Basi nilipokuwa mkubwa, nikawa muuguzi hospitalini Kasulu mjini, halafu hospitali moja ya Uingereza ikaniandikia kwamba wamenikubali, sikushtuka sana. Niliona kama ule mji umenisikia na wenyewe.

Shida ikawa namna ya kwenda, maana sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mchumba, Festo, mwalimu wa hisabati kule Kibondo, mtu wa Singida aliyeletwa huku na ajira ya serikali, mwembamba, mpole, mwenye miwani, anayefikiri kwa kalamu ya risasi. Tukakutana kwenye mgahawa karibu na stendi ya Kasulu, chai na maandazi, karatasi katikati yetu, tukaanza kuchagua njia ya viza. Njia ya kwanza, niende mimi, yeye afuate baadaye (Festo alichora mstari mrefu kuonyesha hiyo baadaye, akautazama, akaufuta). Njia ya pili, tuombe kama wapenzi ambao hawajaoana, ila hiyo inataka ushahidi kwamba mmeishi kama mke na mume miaka miwili, na sisi hatujaishi hivyo hata siku mbili, na hata kama tungekuwa tumeishi, hebu nifikirieni mimi, binti wa mzee wa kanisa, naenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba barua yenye muhuri ya kuthibitisha dhambi. Njia ya tatu, tuombe pamoja, mimi mfanyakazi, yeye mume wangu, na kinachotakiwa ni cheti cha ndoa tu.

"Ya tatu," Festo akasema, akaizungushia duara.

"Ya tatu," nikasema na mimi, lakini nilikuwa nimeshafika Uingereza, nachagua mapazia.

Sasa harusi yetu ilikuwa imepangwa, posa imepokelewa, ng'ombe wa inkwano, yaani mahari, wameshafika, kilichobaki ni siku tu, na siku ile baba aliifunga kwa mtu mmoja, mdogo wake, baba mdogo Yeremia. Ukoo wetu asili yake ni Burundi. Sisi wa Nyakitonto tulipata uraia, lakini baba mdogo alikuwa akiishi katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na kambi ilipofungwa akapakiwa kwenye lori na watoto wake akarudishwa. Baba alikuwa shambani. Alipopata habari akapanda baiskeli, akafika Mtabila akakuta nyumba hazina paa na kuku wawili waliosahauliwa. Hawakuagana. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hutoki bila kuaga, hata kama unakwenda kisimani, na baba akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayeolewa wala kwenda mbali Yeremia akiwa hayupo. Yeremia alisema atakuja akishavuna, wiki saba. Barua yangu ya ufadhili kutoka ile hospitali ilikuwa imebakiza wiki tano iishe muda wake.

"Tumwambie mzee," Festo akasema.

"Nitamwambia mimi," nikasema.

Na nilikwenda, jamani, msidhani sikwenda. Nilimkuta baba uani ameshika ungo anachagua maharage, ana furaha, ananionyesha kwa kidole nani atakaa wapi siku ya harusi. "Wazee wa kwao na mwalimu pale. Wewe hapo. Yeremia hapa, kuliani kwangu, asiende mbali." Nikafungua mdomo. Nikamtazama. Nikasema, "Maharage ya mwaka huu mazuri kweli." Hiyo ndiyo sentensi iliyoniponza.

Kwa sababu baada ya pale nikamwambia Festo kwamba tutafunga kwanza ndoa ya bomani, Kibondo, kimyakimya, tupate cheti tupeleke maombi, halafu harusi ya kanisani itafuata kama ilivyopangwa na baba hatajua kitu. (Kwa baba, ndoa ya bomani ni ya watu waliotoroka.) Festo hakupenda, niseme ukweli wake. Aliuliza mara mbili kama nina hakika, nikamwambia nina hakika kwa sauti ya mtu anayeangalia mapazia. Bomani wakatwambia tangazo la ndoa litakaa ubaoni siku ishirini na moja ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nikacheka njia nzima ya kurudi. Nani anasoma ubao wa matangazo Kibondo?

Mzee Laurenti anasoma. Huyu ni baba yangu wa ubatizo, mnunuzi wa maharage, kila wiki yuko Kibondo, na ni mtu ambaye akikosa cha kusoma husoma mfuko wa saruji. Namfahamu tangu nazaliwa. Sikumkumbuka hata kidogo.

Wiki zilezile kanisani nako matangazo yetu yalikuwa yanasomwa, Jumapili tatu mfululizo. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu nilikaa benchi la mbele ubavuni, karibu na sadaka za mnada, mkungu wa ndizi, kuku amefungwa miguu, trei la mayai. Festo alikuwa upande wa wanaume ndani ya shati jipya. Mchungaji akaanza kusoma majina yetu, na mimi, badala ya kusikiliza jina langu likisomwa na la mwanamume ninayempenda, nikaondoka. Nilikuwa jikoni kwetu kule Uingereza. Kuna dirisha dogo, nje mvua inanyesha bila kelele, si kama ya kwetu inayopiga bati mpaka mnaongea kwa ishara, birika linatoa mvuke, Festo anasahihisha madaftari, na mezani yuko baba (sijui alipitaje uwanja wa ndege bila pasipoti), anachagua maharage taratibu, na ukungu umekaa dirishani, na safari hii sisi ndio tulio nyuma yake, ndani ya ule mji. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena.

Kilichoniamsha ni kimya. Mtu alikuwa amesimama.

"Mchungaji, mimi nina neno," alisema Mzee Laurenti. "Huyu mtoto nilimshika mimi siku ya ubatizo. Siwezi kunyamaza nikamtazama anapotea. Huyu mwalimu ametangazwa bomani Kibondo. Anaoa Alhamisi hii."

"Anaoa nani?" mchungaji akauliza.

"Jina la mwanamke limefunikwa, wamebandika juu yake tangazo la mbolea ya ruzuku. Lakini la mwalimu nimelisoma lote, na shule yake nimeisoma. Nilirudi mara ya pili nikiwa na miwani."

Kanisa likavuma. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Hawa walimu wa kuja." Binamu zangu wa sauti ya nne wakaacha vitabu vya nyimbo kwenye benchi, wakaanza kusogea kuelekea shati jipya. Baba akasimama. Sikuwahi kumwona amesimama vile.

"Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli, mzee," Festo akasema.

"Una mwanamke Kibondo?"

Hapo Festo angeweza kujiokoa kwa neno moja. Alinitazama, akaona uso wangu, akainamisha kichwa. Alikuwa tayari kutolewa kanisani kama mhuni ili mimi nisiaibike kwa baba yangu. Nilimpenda pale mpaka kifua kikauma, na nilijichukia kwa kipimo kilekile.

Nikasema, "Ni mimi." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Binamu mmoja alikuwa ameshavua koti. Ndipo nikapanda kwenye benchi, kwenye ncha yake kabisa, nikapaza sauti, "Mwanamke wa Kibondo ni mimi," na wale mama wawili waliokuwa wamekalia ncha ya pili wakanyanyuka ili waone vizuri nani anayesema, na benchi likakosa uzito huko, likainuka, nami nikashuka moja kwa moja kwenye trei la mayai. Kuku akapata nafasi ya kulalamika. Kwa hiyo njia tatu za viza, na tofauti zake, na muda wa barua ya ufadhili, nilivieleza mbele ya kusanyiko zima nikiwa nimepiga magoti, ute wa yai unanitiririka mkononi, na Mzee Laurenti akiuliza kwa upole kama tangazo la mbolea lina tarehe ya mwisho.

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alitoka, nikamfuata, nikamkuta ameshika baiskeli yake bila kuipanda.

"Yeremia aliondoka bila kuniaga," akasema, hanitazami. "Lakini yeye alipakiwa. Wewe nani alikuwa anakupakia?"

Nililia pale kama mtoto, na baba akasukuma baiskeli akaenda zake.

Siku tatu hakupokea simu. Jumatano jioni Festo akanipigia, akasema tuache, twende na njia ya kwanza, nitangulie, yeye atasubiri ule mstari alioufuta. Nikakubali, maana nilikuwa sitaki tena kitu chochote kilichokuwa kinanigharimu baba. Alhamisi alfajiri nikapanda basi Kasulu kwenda Kibondo, nikutane na Festo bomani tulitoe lile tangazo. Ukungu ulikuwa mzito, basi lilitambaa na taa limewasha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliutazama nisione kitu nyuma yake. Tulipofika Nyakitonto basi likasimama, wakapanda wazee wawili. Mmoja amevaa koti la harusi, lile alilovaa siku ya kumwoa mama. Wa pili ana miwani tayari usoni.

"Mwana wanje," baba akasema, akaketi kando yangu, "hiyo karatasi inataka mashahidi wangapi?"

"Wawili, baba."

"Ego," akasema, yaani ndiyo, akafunga vifungo vya koti.

Bomani alikwenda kwanza ubaoni. Aliinua tangazo la mbolea kwa kidole, akasoma jina langu polepole, lote, kisha akachomoa pini, akalihamishia tangazo la mbolea pembeni, akalinyoosha. Mzee Laurenti akamaliza kusoma ubao uliobaki. Festo alipotoka kuniita akatukuta tumesimama pale watatu, akashindwa kuamkia, akabaki anafuta miwani yake. Ndani baba aliomba dakika moja, akampigia baba mdogo Yeremia, akaiweka simu mezani, sauti ya nje, juu ya kitabu cha ndoa. Mtandao ulikatika katikati. Baba mdogo anasema alisikia nusu na hiyo nusu ilimtosha. Alipovuna alikuja kusikia nusu ya pili kanisani, akakaa kulia kwa baba, na mchungaji alipouliza kama kuna pingamizi kanisa zima lilimgeukia Mzee Laurenti, naye akatikisa kichwa kwa heshima.

Viza zimetoka, zote mbili. Jumanne tunaondoka. Nimeapa sitaficha tena karatasi yoyote kwa mtu aliyenilea, na nimeapa sitaondoka mahali bila kuaga, na kwa sababu mimi kila jambo nalipitiliza, wiki hii nimeaga wodi nzima, nimeaga muuza ndizi, nimeaga mama wa mayai (huyo nilimlipa trei lake). Leo nimekuja Nyakitonto kumuaga baba. Nimemuaga asubuhi, nikamuaga baada ya chai, nikatoka nikarudi, nikamuaga tena, mpaka akaweka ungo chini.

"Imetosha sasa," akasema. "Nimesikia. Nenda."

Nikaenda mpaka barabarani, nikasimama, nikarudi.