Tovuti Iliyojengwa kwa Awamu

Mama Tharsisi hakai. Ukimkuta ameketi, ujue ana homa. Mgeni akiagiza chai katika gesti yake pale Kibondo, yeye mwenyewe huileta, na kabla mgeni hajakoroga sukari mama amekwisha kutoka kwenda kuangalia mashuka kwenye kamba, kisha pipa la maji, kisha barabarani, kama kuna gari linalopunguza mwendo. Jina lake hasa ni Esteri Niyubahwe. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakapata shamba upande wa Kitahana, na leo ni Mtanzania kwa karatasi na kwa jasho. Nalisema hilo kwa sababu wapo ambao bado wanamwita mkimbizi, na wengi wao hawajajenga hata choo.

Gesti yake inaitwa Urugo, kwa Kiha ni nyumbani kwa mtu. Ina vyumba saba, na hakuna hata kimoja kilichojengwa kwa mkopo. Kiangazi kimoja alifyatua matofali na kuyachoma. Kiangazi kilichofuata akachimba msingi. Kuta zilipanda alipouza maharage, bati zikaja alipouza tena. Mumewe, Pasikali, alifariki vyumba vikiwa vitatu, na vilivyobaki akavisimamisha peke yake kwa mwendo uleule. Katika mji ambao watu hukopa ili wafanye sherehe, kisha wakamkimbia mdai kwa kupitia mlango wa nyuma, mwanamke huyu alistahili heshima, nami nilimpa.

Enzi za makambi ya wakimbizi, wafanyakazi wa mashirika ya misaada walilala Urugo wiki hadi wiki. Makambi yalipofungwa moja baada ya jingine, vyumba vikabaki na harufu ya sabuni tu. Ndipo mapema mwaka 2013 akaja mkaguzi wa hesabu kutoka Dar es Salaam. Alipokuwa akila, akasimulia bila kuwa na nia mbaya kwamba katibu wake alitafuta malazi ya Kibondo kwenye mtandao asione hata moja, wakakusudia kulala Kasulu na kuja kazini kila asubuhi. Dereva ndiye aliyelijua geti la Urugo.

Maneno hayo yalimchoma Mama Tharsisi. Kumbe watu walikuwa wakipita na fedha zao si kwa sababu vyumba vyake vibaya, bali kwa sababu kwao havikuwepo. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ndani ya basi la Kasulu.

Pale mjini Kasulu alimkuta Badru, mtoto wa Mzee Saidi muuza vitenge, aliyefungua chumba cha kompyuta. Alichapa barua za watu, alipiga picha za pasipoti, na alitengeneza tovuti kwa wachache waliojua ni kitu gani. Badru alimpangia bajeti kwenye karatasi: jina la tovuti, nafasi ya kuiweka, picha, na kazi yenyewe. Chini kabisa aliandika malipo ya kila mwaka, ya kulihuisha jina na nafasi. Jumla ilikaribia laki tano. Mama alikuwa na chini ya nusu ya hiyo.

"Ukilipa yote, mama, naimaliza wiki mbili."

"Mimi sijengi hivyo, mwanangu. Nani hununua kiwanja na bati siku moja?"

"Hii si nyumba, mama."

"Umeniambia ina ukurasa wa mbele, ina sehemu ya vyumba, ina mahali mgeni anabisha hodi. Hiyo ni nyumba. Nipe kiwanja kwanza, mengine tutajenga taratibu."

Badru alicheka, akakubali. Jina likanunuliwa. Mama akarudi Kibondo na risiti, na kila alipopata akiba ya kutosha alipanda basi kwenda kuongeza kitu. Ukurasa wa mbele ulisimama kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya vyumba, na hapo Badru alimshauri apunguze gharama: achukue tu picha ya kitanda kizuri iliyomo mtandaoni, wengi hufanya hivyo. Mama alimtazama hadi kijana akainamisha kichwa. Alimwambia kwamba mgeni akilipia kitanda kimoja akalazwa kwenye kingine, jina la jambo hilo ni wizi. Akalipa mpiga picha na nauli yake ya kwenda na kurudi, na kwenye tovuti yakaandikwa yaliyopo: maji ya moto kwa ndoo, umeme ukikatika kuna jenereta hadi saa nne usiku.

Hadi hapo sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya ule mstari wa chini kabisa katika bajeti.

Huku kwetu kodi ya kiwanja hailipwi inapofika. Hulipwa inapofuatiliwa. Mtu anajua tarehe, fedha anayo, lakini anangoja barua, kisha barua ya pili, kisha apitishwe mjumbe anayeitaja nyumba yake mbele ya majirani. Ndipo huenda kulipa na faini juu, tena akiwa amenuna kana kwamba kaonewa. Hatuoni aibu. Tunauita uchumi mzuri, kwamba fedha ilifanya kazi nyingine wakati wa kungoja. Mama Tharsisi, pamoja na ukali wake wote kwa wageni wanaoondoka bila kurudisha funguo, alikuwa na ugonjwa huu kama sisi sote. Aliposoma maneno "malipo ya kila mwaka", akili yake iliyaweka pamoja na kodi ya kiwanja: jambo la kulipwa siku wenyewe wakija.

Mwaka wa kwanza ulipotimia, Badru alilipa kwa mfuko wake ili jina lisipotee, na mama akamrudishia miezi baadaye, na dumu la mawese juu kama shukrani. Kijana alidhani amemsaidia. Alichomfundisha ni kwamba tarehe ikipita hakuna kinachotokea.

Machi ya 2015 Badru alipiga simu, akasema tarehe imefika tena, na safari hii hana fedha ya kumwekea. Mama alikuwa amenunua magodoro mapya na kumlipa mchoraji aandike anwani ya tovuti kwenye kibao cha barabarani, kwa herufi nyekundu. Badru akapiga tena wiki iliyofuata.

"Watakapokuja nitawalipa na faini yao," mama alisema.

"Hawaji, mama. Wanazima, halafu anachukua mwingine."

"Achukue? Kiwanja chenye jengo juu? Badru, usinitishe kama mtoto."

Akakata simu, akaenda kuanika magodoro.

Mwezi wa tano watu wakaanza kumiminika tena kutoka Burundi. Mabasi yalipita Kibondo yakiwa yamejaa kina mama, masufuria na watoto waliolala wakiwa wamesimama. Mama Tharsisi alipika uji akaupeleka kwa ndoo, akawasikia wakisema lugha ya mama yake, akarudi nyumbani akafagia ua uliokwisha fagiliwa. Nyuma ya mabasi yakaja magari meupe ya mashirika. Alijua kwamba vyumba vyake vitajazwa na msiba wa watu wa kwao, na hakujua ashukuru au atubu. Alichoweza kufanya ni kutoka tena kwenda barabarani kuangalia.

Gari moja lilisimama. Akashuka Firdausi, binti wa Kasulu, afisa utawala wa shirika mojawapo, akitafuta vyumba vya watumishi kwa mwaka mzima. Vyumba vyote saba, kodi kwa mwezi. Alikagua kimoja baada ya kingine, akafungua bomba, akabonyeza magodoro, akasema pamemridhisha. Lililobaki ni mkubwa wake aliyeko Dar es Salaam kupaona kwenye tovuti kabla ya kutia sahihi. Mama alimwelekeza kwenye kibao kwa kidole, kwa fahari ambayo sikuwahi kuiona kwake. Firdausi aliinakili ile anwani kwenye simu, akaondoka.

Mwaka mzima wa vyumba saba: kwa mama ilikuwa ada ya mtoto wake wa mwisho na kuezeka chumba cha nane, ambacho kuta zake zilikuwa zimekwisha kusimama. Siku zile hakuweza hata kumaliza kikombe. Alipaka rangi milango ambayo haikuhitaji rangi.

Firdausi aliporudi, hakuingia ndani. Alibaki amesimama kwenye kibaraza.

"Mama Tharsisi, tumeifungua mbele ya mkubwa. Ni duka la viatu."

"Viatu gani?"

"Viatu, mama. Maandishi yenyewe ya Kichina. Mkubwa ameniuliza kama gesti hii ipo kweli au nimetapeliwa."

"Si umeiona kwa macho yako?"

"Mimi nimeiona. Yeye anauliza, mtu asiyejua kwamba anwani aliyoiandika barabarani imekufa, atajuaje maji yakikauka?"

Mama alitazama zile herufi nyekundu, akachukua ngazi, akaegemeza kwenye nguzo, akapanda mwenyewe na kuzisugua kwa msasa mchana kweupe, watu wakitazama.

Kesho yake alikuwa Kasulu. Badru hakumcheka wala hakumwambia nilikuambia, na kwa hilo namsifu. Alimweleza kwamba kurasa na picha zipo salama kwenye kompyuta yake, lakini jina limekwenda, na aliyelichukua hapatikani. Litafutwe jingine linalofanana. Mama akauliza ni kiasi gani kwa miaka mitatu, ilipwe yote mbele.

"Mitatu kwa mpigo? Lipa mmoja, mama, mingine tutaona."

"Hatutaona. Nimekwisha kuona."

Fedha hiyo alikuwa ameiweka kwa Nurudini wa duka la vifaa vya ujenzi, kidogo kidogo, kwa ajili ya bati. Alimpigia Nurudini, naye alilalamika, akakata chake cha usumbufu, akatuma iliyobaki. Chumba cha nane kikakutana na mvua kikiwa wazi, na kuta zake upande mmoja zilimomonyoka. Ni hasara ya kweli, nami siipambi. Mama aliwakatalia mafundi waliotaka kumkopesha bati.

Watu wanauliza kosa lake liko wapi, ilhali hakudhulumu mtu. Kosa ni kwamba alikuwa mwaminifu katika picha na si katika tarehe. Anayelipa akisha kufuatwa hajatimiza ahadi, amekamatwa tu.

Tovuti ilifunguka upya, ikiwa na ndoo zake za maji ya moto na jenereta yake. Firdausi aliipeleka kwa mkubwa. Watumishi wanne walikuwa wamekwisha kupata vyumba kwingine. Kwa waliobaki, alileta mkataba wa vyumba vitatu, na kipindi chake si mwaka. Ni miezi mitatu, inayohuishwa kama mkubwa ameridhika. Asiporidhika, hakuna barua, wanahama.

Mama aliusoma akiwa amesimama, akaweka sahihi, akamrudishia kalamu. Firdausi alikuwa bado anakunja karatasi.

"Nije ofisini tarehe ngapi kuulizia ile miezi mitatu mingine?"

"Mama Tharsisi, tumetia sahihi sasa hivi. Hata mizigo haijashushwa."

"Sijakuambia unipe jibu. Nauliza tarehe."

Firdausi akaitaja. Mama aliirudia mara mbili kwa sauti, kisha akatoka kwenda kupokea mizigo.