Kanyota ku mupini ya kle

Mu Likasi, kle ya zamani, ile spana ya kufungulia nati, inakutiaka bantu woga kupita nyoka. Minye ninatengenezaka zile za kliké, zile zinaliaka trrr-trrr ukizungusha. Meza yangu iko karibu na soko ya Kikula, hapa bamama banauzishaka tomati. Muntu analetaka kle mu mufuko ya unga, anaangalia nyuma, anaangalia pembeni, kisha anasema polepole: «Ndugu, hii ilikuwa ya nkambo yangu.» Bankambo, babu zetu bote ya Likasi, balikuwaka bamekaniki. Hata ule aliuzishaka mikate.

Woga inatokaka ku alama. Zamani kampani ya mukuba ilikuwa inapika na nyundo herufi zake ku mupini ya kila kle. Ukikutwa nayo, gardi anakuuliza ulitosha wapi, nani alikupatia, na weye unaanza kufikiri juu ya gereza ya Buluo na bukari, ugali ya mule. Njo maana kila fundi anapitishaka meule kwanza. Ile jiwe inazunguka na kuran ya umeme, inalamba alama, chuma inabakia laini sawa shavu ya mutoto. Hakuna mwenye kukulomba ufanye. Bote banajua tu. Minye nilisomaka primaire tu, na hii nilikuwa nayo mu kichwa kupita tabo ya kuzidisha ya saba.

Siku moya mama jirani, wa lupango ya pembeni na yetu, alikuya. Alikuwa angali mu nguo nyeusi, juu bwana yake alikufaka mwaka ule wa nyuma. Bwana alitumikaka mu ateliye ya kampani mpaka retrete, wakati ya kustaafu. Mama alifungua kitambaa, akaweka ku meza kintu moya ya kutu.

«Mama, hii haiko kle. Hii ni mufupa ya samaki ya ziwa ya Tshangalele, mulikula mukasahau kutupa.»

Alicheka kidogo.

«Mwana, utani uweke pembeni. Samedi tunatosha kilio, tunamaliza matanga. Yaya ya bwana yangu, kaka yake mukubwa, anazunguka kwa bantu anasema marehemu aliibaka bintu ya kazi. Familia yote itakuwa pale. Nataka niweke hii kle mbele ya macho yake, na izunguke.»

«Itazunguka mama. Itaimba hata.»

Niliilalisha mu mafuta ya mazut siku mbili. Kisha nilifungua kichwa. Ya zamani utaijua ku meno: zile za sasa iko na meno mingi, madogo, inalia sawa panya. Hii ilikuwa na meno machache, makubwa, inalia sawa muzee anakohoa. Mu katikati iko kachuma kanaingiaka mu meno, shiye tunakaitaka ulimi. Ulimi ya hii haikuwa ya fabrike. Marehemu aliitengenezaka yeye mwenyewe, na lime, tupa ya mukono, polepole, na pembe zake zilikuwa sawasawa kupita zangu. Nilikaa nayo mu mukono wakati murefu. Nilimusalimiaka ule muzee kila asubuhi, na kila asubuhi nilimuchekesha, lakini hata siku moya sikumuuliza anajua nini.

Resor, ile springi ya kusukuma ulimi, ilikuwa imekatika. Nilitia ya biki, ile inafanyaka tik-tik. Ilishindwa, biki ni ya kuandika. Nilitosha ingine mu kadena, kufuli ya kufa, na ile ilikubali.

Ile saa kuran ilirudia. Tulikuwa mu giza siku mbili, kartye yote ilipiga kelele, na kila muntu alikimbia ku kazi yake mbele ikatike tena. Minye nilikimbia ku meule na kle ya mama. Nilifikiri: huyu mama banasemea bwana yake bwizi, na hii kle iko na herufi za kampani. Nimusaidie. Niliona muzuri: herufi, mustari moya juu yake, na pembeni kanyota. Kanyota kalikuwa na mikono ine, ya tano haikuweko. Nilisema, huyu alipika mubaya. Nililambisha meule byote, herufi na kanyota. Nilifika hata kuimba.

Vendredi, siku moya mbele ya kilio, mama alikuya. Alizungusha, trrr-trrr, macho yake yakajaa maji. Kisha kidole gumba yake ikapita ku mupini. Ikasimama. Ikarudia nyuma.

«Kanyota iko wapi?»

«Nilisafisha, mama.»

Alikaa ku kiti ya bakliya, ile ya bateja.

«Mwana. Muntu akienda ku retrete, shefu ya ateliye alikuwa anamupatia kle moya ya kazi yake. Alipika mustari juu ya herufi, alipika kanyota. Maana yake imetoka, ni ya kwake. Hii kle ilikuwa na ruhusa. Sasa iko sawa zile zote.»

Mu kichwa yangu haikutoka hata utani moya. Nikasema: «Niko na poinçon, mama, ile chuma ya kupika alama. Naweza kupika kanyota ingine.»

«Unataka kupika uongo ku kintu ya marehemu? Kesho yaya yake akisema ni bwizi, aseme kweli?»

Aliifunga mu kitambaa, akaenda.

Samedi nilienda, nikakaa nyuma. Bakiisha kuomba, mama akaweka kle ku meza. Yaya ya marehemu, yeye pia alitumikaka mu ile ateliye, aliinua, akapitisha kidole.

«Muzuri. Iko laini. Aliiba, kisha akafuta.»

Mama aliangalia chini. Nilisimama. Bantu balianza kucheka mbele nifungue kinywa, juu banajua kinywa yangu.

«Papa, minye njo nilifuta.»

«Weye? Mama alikupikia sombe gani, useme vile?»

Bakacheka tena. Minye sikucheka. Sikujuaka kama ni ngumu vile kusema neno moya na bantu bakusadiki.

«Kulikuwa herufi, na mustari juu, na kanyota. Nilifikiri ni alama ya kuogopesha. Papa, nilikosa.»

«Kanyota! Kila mutoto anajua kupanga kanyota.»

«Kalikuwa na mikono ine. Wa chini, ku upande ya kushoto, haukuweko. Kama ulikatika.»

Muzee alizungusha kle mara moya, polepole, ikakohoa. Kisha akaongea sawa muntu anaongea na meza:

«Poinçon ya shefu ilianguka ku sakafu ya sima. Njo pale ilikatika. Ni minye nilikuwa nayo mu mukono.»

Aliita mutoto mukubwa ya marehemu, ule anasomeshaka ku Mulungwishi, akamutilia kle mu mukono. «Kamata. Ni ya papa yako.» Ku mama hakuomba samahani. Alilomba maji, akakunywa, akaanza kusolola juu ya mvua.

Mama alinipatia bukari na sombe, sahani ya kujaa. «Leo umekuwa muntu,» akasema. «Lakini kintu yangu ingine hautashika.» Mpaka leo hajaleta hata kisu.

Sasa, mbele ya meule, ninawekaka karatasi ya kaye yangu ya shule juu ya alama, ninapitisha kreyo, na herufi zote zinabakia pale. Bakliya banaogopa: «Unaandika jina yangu?» Ninabaambia: «Apana, ninaandika ya nkambo yako.» Na bengine banakamata kle yabo, banarudia nayo bila kutengeneza.