Mama Marthe na Maombi Yanayopandwa Kilimani

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Agosti. Nyasi za kilimani zimekauka hata ukizikanyaga zinanung'unika. Mama Marthe anapanda njia ya miguu ya hifadhi ya msitu, nje kidogo ya Johannesburg, jembe begani, dumu la maji mgongoni. Huko juu watu wanaimba. Anakohoa kwa nguvu. Wanaomjua wanajua kifua chake ni kizima. Kikohozi hicho ni hodi.

Waimbaji ni Wakongo wenzake kutoka mtaa wa Doornfontein, wamevaa mavazi meupe ya ibada. Wameizunguka sufuria iliyojaa karatasi. Kila mtu ameandika haja yake: kibali, kazi, mtoto. Desturi yao ni kuzichoma, moshi uzipeleke kwa Mungu. Mchungaji Théodore ameshika kiberiti.

Marthe, mzaliwa wa Bukavu, alisuka nywele mtaani Yeoville hadi vidole vikagoma. Mwaka 2015 akapata kibarua hapa, kufagia njia na kung'oa miwati, miti ya kigeni inayokunywa maji kama wageni wa harusi. Mshahara unalipa chumba na unga. Nyama husubiri Krismasi.

Mwaka jana, cheche ya sufuria kama hii iliunguza ubavu mzima wa kilima. Msimamizi akasema: moto mwingine mmoja, waombaji wote watafungiwa lango, na Marthe aliyewaombea ruhusa atafukuzwa kazi pamoja nao.

"Jambo, Papa Pasta. Hicho kiberiti ni cha chai?"

"Mama Marthe, usituzuie. Moshi ndio unaopanda juu."

"Yona aliomba tumboni mwa samaki, chini ya bahari. Alibeba kiberiti?"

Kina mama wanaficha midomo kwa vitambaa. Mchungaji anajikaza asicheke, lakini ndevu zinamsaliti.

Marthe anawaonyesha mashimo yaliyobaki alipong'oa miwati. Kando ya kila shimo kuna mche wa mti wa asili. Karatasi iingie chini, mche juu yake, kisha maji.

"Eish, mama, tulikuja kuomba, si kulima," analalamika Murielle, msusi wa Yeoville.

"Uliandika nini? Hapana, usiniambie. Kama ni mume, chimba sana."

Murielle anacheka, anapokea jembe. Wengine wanamfuata. Mchungaji anatia kiberiti mfukoni, lakini Marthe bado amenyoosha mkono kama kondakta anayedai nauli. Mwishowe anakabidhiwa.

Jua linapopata nguvu, sufuria ni tupu na mavazi meupe yana udongo magotini.

"Nataka kilima chote kilichoungua kiwe na kivuli," anasema Marthe, akifunga dumu lake. "Mvua bado iko mbali, kwa hiyo kila Jumamosi mtakuja kumwagilia. Nawaambia: atakayeacha mche wake ukauke, asije kuniuliza kwa nini Mungu hajamjibu."