Mama Minza Amerudisha Kongo

Jamani, leo nimemtania mtu kanisani na nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Bariadi, kila Alhamisi tunaombea nchi zenye vita. Mimi ndiye naandika majina kwenye vikaratasi. Kila mtu anachukua kimoja kikapuni, anaombea nchi iliyomwangukia.

Mama Minza, aliyehamia kwetu mwezi jana kutoka Kasoli, akapata Kongo.
Akakisoma. Akakirudisha.

Na mdomo wangu huu: "Mayu, mama yangu, hapa hatuchagui kama nyanya za sokoni!"
Wakacheka wote. Mimi ndo nikazidi.

Akasubiri tumalize.

"Mwanangu Masanja alikuwa mwanajeshi. Alikwenda kulinda amani huko. Niliiombea Kongo kila alfajiri, mpaka siku waliyomleta kwenye jeneza. Nipe nchi nyingine."

Hakulia. Bora angelia.

Nikaingiza mkono kikapuni. Nikafungua Sudan, nikaikunja. Nikafungua cha pili, cha tatu. Natafuta nchi ambayo hakuna mama anayeletewa jeneza.

Na vyote niliviandika mwenyewe jana, jicho moja kwenye tamthilia.

Mngekuwa ninyi, mngempa ipi?