Nyimbo za Kumsuta Dada Siku ya Maziko Yangu

Nyimbo ni tatu. Nimezipanga mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na zote zinamhusu dada yangu mkubwa aliyeko Mbuchi.

Binti yangu aliponiwekea nyimbo kwenye memori kadi aliniuliza tangu lini msiba wa Kiislamu ukapigwa taarabu. Nikamwambia dini naijua, sijasema zipigwe mbele ya jeneza. Nikosheni, nisalieni, nizikeni. Wanaume wakisharudi kutoka makaburini, watani huanza vituko vyao, na mtani msibani hakatazwi. Ataiga ninavyotembea, atajigaragaza uani, atamsema amtakaye, na atakayekasirika ataaibika yeye. Kwa hiyo nyimbo nimemkabidhi mtani wangu, mama wa Kimatumbi, jirani yangu hapa Kibiti. Sabufa anayo, na mdomo anao.

Mnasema nina roho mbaya? Sawa, ninayo. Sikilizeni kwanza.

Mama yetu alipozidiwa kule Mbuchi alinipigia simu mwenyewe, sauti imemkauka, akasema, "Njoo mwanangu, nikuone." Nikaanza kufunga mzigo. Akafariki alfajiri ya siku iliyofuata. Mimi dada akanipigia baada ya alasiri, mama keshazikwa. Ati maji yalikuwa yamekupwa, boti isingepita kwenye mikoko, na maiti haiwekwi. Lo! Na simu nayo ilikuwa inangoja maji yajae?

Baadaye mwanamke mmoja aliyemkosha mama aliniambia ukweli. Mjomba alitaka nisubiriwe, dada akakataa. Alisema yeye ndiye aliyeuguza miaka mitatu, akafua, akalisha, wakati mimi niko zangu mjini nakula raha. Raha! Kibiti hii, nauza maandazi. Lakini kuuguza aliuguza kweli, hilo simnyimi. Alichoninyima yeye ni uso wa mama yangu. Nilifika kesho yake nikakuta udongo bado mbichi, na dada akanipakulia wali. Nikaula. Hadi leo najichukia kwa ajili ya ile sahani.

Basi wimbo wa kwanza ni taarabu ya mtu mwenye sura ya upole na moyo wa nyoka. Wa pili ni ule aliokuwa akiimba mama juu ya dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga, akiwafukuza ndege. Huo nimeurekodi kwa sauti yangu, ili dada ausikie kutoka kwangu mimi niliyekufa. Wa tatu atautunga mtani, na nimemwambia sitaki mafumbo, amtaje jina.

Wiki iliyopita mtani alikuja nikamsikilizisha zile mbili. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Mtani, huyo dada yako atakuwepo? Ukifa asubuhi, alasiri umeshazikwa. Yeye kutoka Mbuchi atafika kesho yake, watu wameshatawanyika. Nitamwimbia nani?"

Nilikuwa nimepanga kila kitu, hata sauti ya sabufa, ila sikuwa nimepanga dada aitwe. Kumbe katika hasira zangu zote nilikuwa nimeshamfungia yeye nje ya msiba wangu, kama alivyonifanyia. Nilikasirika, nikamfukuza mtani. Niliona ninadhulumiwa mara ya pili. Ili nimuumize, lazima kwanza nimpe kile alichoninyima.

Siku ya tatu nikamwita binti yangu na mtani, nikawaketisha mkekani. Nikawaambia nikifa, wa kwanza kupigiwa simu ni dada yangu, kabla hata ya imamu. Wakisema maiti haiwekwi, waambieni huu ni wasia wangu.

"Msinizike hajafika," nikasema. "Akifika, mfunulieni uso wangu. Anitazame mpaka aridhike, asiharakishwe na mtu."

Binti yangu akaanza kulia. Mtani naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na mzaha. Akaniuliza polepole kama basi zile nyimbo azifute.

"Usifute hata moja," nikamwambia. "Akishaniona, nikishazikwa, piga zote tatu. Na asipolia, rudia."