Jina la Pili Kwenye Kifurushi

Wasoma mita walimwita Bi Asilimia, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atakwambia sitini. Ukimwuliza kama bosi yupo, ataangalia saa kwanza, kisha atasema arobaini. Ikiwa ni Ijumaa, ishirini. Siku moja mhudumu wa ofisi alimwuliza kama chai imekolea. Akajibu, "Sabini na tano," na mhudumu akaenda zake akijua amesifiwa.

Alifanya kazi mamlaka ya maji, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho baada ya choo ambacho, jambo la aibu kidogo kwa mamlaka ya maji, kilikuwa hakina maji. Chumbani mlikuwa na meza mbili. Moja yake. Ya pili ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, tumbo moja, kabla hajaondoka. Sasa ilibeba printa mbovu. Kila mwaka watu wa stoo walikuja kuhesabu mali wakamwuliza kama waichukue printa na meza yake, na kila mwaka aliwaambia huenda ikapona.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mapengo. Msoma mita anafika kwenye nyumba ya watu, geti limefungwa, au kuna mbwa, au mita imefukiwa na mchanga wa ujenzi. Anaandika sababu, anaondoka. Miezi minne baadaye geti linafunguliwa, mita inasomwa, na kwenye kompyuta inaonekana kana kwamba familia ya watu watano imekunywa bwawa zima kwa siku moja. Bi Asilimia na mdogo wake walikuwa wameandika programu ya kuyarudisha maji hayo kwenye miezi yake, kila mwezi na haki yake. Waliiandika kwa R, lugha ya kompyuta ya watu wa takwimu, ambayo jina lake ni herufi moja tu, kana kwamba walioiunda walimaliza nguvu zote kwenye hesabu.

Programu kama hiyo, ikifungwa pamoja na maelezo na mifano yake, huitwa kifurushi. Vifurushi vina ghala lake la umma mtandaoni, ambamo mtu yeyote duniani huchukua anachotaka bila kubisha hodi. Ila kuingiza chako humo si sawa na kuacha mzigo barazani. Kwanza kuna ukaguzi wa mashine, ambao hutoa hukumu za aina tatu: makosa, maonyo na vidokezo. Ukiupita huo, anakuja binadamu, mtu wa kujitolea aliye mbali, naye husoma kila kitu kama mama mkwe anavyokagua sufuria.

Ndugu hawa walikusudia kukiingiza pamoja. Kisha Jumatatu moja mdogo mtu hakuja kazini. Saa tatu Bi Asilimia alishuka kumwuliza mlinzi.

"Mdogo wako? Si aliaga Ijumaa?" alisema mlinzi. "Amepata kazi mji mwingine. Alitupa mkono wote hapa, mpaka yule wa bustani."

Wote, isipokuwa mtu aliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka saba na kula naye chakula cha mchana kwenye bakuli moja. Alimpigia simu akiwa palepale getini.

"Kifurushi je?"

"Dada, kifurushi kitasubiri."

"Nenda. Nitamaliza mwenyewe. Na usinipigie mpaka nimalize."

Mdogo wake, ambaye tangu utotoni hakuwahi kutii agizo lake hata moja, akaamua kuanza na hilo. Hakupiga. Wazazi walikwishatangulia mbele ya haki, hivyo hapakuwa na mtu wa kuwaita wote wawili sebuleni na kuwaambia wasilete utoto. Miaka sita ikapita hivyo, kwa utiifu mkubwa wa pande zote.

Tatizo lilikuwa moja. Moyo wa kifurushi, yaani sehemu ya kujaza mapengo, mistari themanini hivi, ulikuwa wa mdogo wake. Na mtu aliyeapa kumaliza mwenyewe hawezi kumaliza kwa mkono wa aliyemwapia. Kwa hiyo aliamua kuiandika upya sehemu hiyo. Alijaribu mara tano. Jaribio la kwanza lilikuwa polepole kiasi kwamba alikwenda kula na kurudi akalikuta bado kwenye nyumba ya pili. La tatu lilikwenda vizuri hadi lilipokutana na mwaka mrefu, ule wenye siku ya ziada Februari, likazimia. La tano, ambalo alilipenda zaidi, kwa hesabu zake za chini ya sifuri liligundua nyumba moja iliyokuwa ikirudisha maji bombani.

Aliyafanya haya Jumamosi. Nyumbani alikuwa na vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha kukaa akingojea kulala, na Jumamosi humo ilikuwa ndefu kuliko inavyoonekana kwenye kalenda. Ofisini angalau palikuwa na mlinzi wa kumwambia "Bi Asilimia, leo tena?" naye kujibu "Leo tena." Kuna wiki ambazo hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake marefu kuliko yote yasiyohusu maji.

Mwaka wa sita alichoka. Akarudisha mistari themanini ya mdogo wake kama ilivyokuwa, akaandika maelezo, akatengeneza mifano, na kwenye nafasi ya waandishi akaweka jina moja, lake. Alijiambia kwamba mistari themanini kati ya elfu moja na mia mbili ni asilimia sita na nukta saba, na kwamba hakuna mtu anayegawana nyumba na fundi aliyeweka bawaba.

Akaendesha ukaguzi. Makosa sifuri, maonyo sifuri, kidokezo kimoja. Alikisoma kwa hofu. Kilisema kwamba mtu huyu ni mgeni, hajawahi kuleta kifurushi hapa. Hata mashine ilikuwa imeona kwamba hana mwenyeji.

Alituma. Siku nne baadaye ikaja barua ya yule binadamu, fupi, yenye adabu na yenye mambo mawili. La kwanza, maelezo ya kifurushi yasianze kwa maneno "Kifurushi hiki", kwa sababu kila mtu anajua ni kifurushi. La pili, kwenye mstari wa mia mbili na kumi na tatu kuna jina la mtu mwingine. Huyu ni nani? Tafadhali wataje wote walioandika, kila mmoja na nafasi yake.

Bi Asilimia aliufungua mstari huo ingawa aliujua kwa moyo. Ulikuwa wa maelezo, wa aina ambayo kompyuta huiruka bila kuisoma. Mdogo wake aliuandika wakati wakiwa bado wanacheka pamoja: "Dada, hapa usiguse. Ikibidi uguse, niite kwanza." Chini yake, jina lake kamili, kama mtu anayetia saini hati ya kiwanja.

Alikuwa amefuta maelezo mengine yote ya mdogo wake. Huu aliusahau, hivyo ndivyo alivyojieleza. Huyu ni mwanamke aliyeweza kuona tarakimu moja iliyokosewa kati ya mita elfu arobaini, kwa jicho moja, huku akinywa chai.

Akaufuta. Akaendesha ukaguzi. Sifuri, sifuri, na kile kidokezo cha ugeni. Kifurushi kilikuwa safi. Mashine haikuona kilichoondoka. Angeweza kumjibu yule mtu kwamba jina liliingia kwa bahati mbaya, na mtu yule, aliyekuwa na vifurushi vingine mia vya kusoma, angeshukuru na kusonga mbele. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma. Kikakaa. Katika miaka sita, watu wote wa jengo lile walikuwa wamejifunza kutomtaja mdogo wake mbele yake. Huyu wa ng'ambo hakujifunza. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia: huyu ni nani?

Aliurudisha mstari mahali pake, akachukua simu. Namba hakuhitaji kuitafuta.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke.

Aliitazama simu kuhakikisha. "Samahani, naomba kuongea na mwenye simu."

"Mwenye simu yuko bafuni. Nani mwenzangu?"

"Dada yake."

"Dada yake yupi?"

"Kwani anao wangapi?"

"Niliambiwa mmoja, na huyo hapigi."

"Leo amepiga."

"Makubwa!" alisema yule mwanamke. "Basi ngoja, wifi. Harusi umeichelewa miaka minne, dakika tano za bafuni hazitakuua."

Zilikuwa dakika tatu. Alizitumia kulizoea neno wifi, ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita.

"Dada. Shikamoo."

"Marahaba."

Salamu za miaka sita zilikuwa zimekwisha kwa sekunde nne.

"Umemaliza?" aliuliza mdogo wake.

"Nimekwama."

"Kwenye nini?"

"Kwenye jina lako."

Akamweleza: ghala, barua, mstari. Mdogo wake alisikiliza, kisha akacheka, ila si kicheko cha furaha.

"Kwa hiyo mtu asiyenijua, asiyejua hata Kiswahili, ndiye aliyeuliza niko wapi."

"Hakuuliza uko wapi. Aliuliza wewe ni nani."

"Ukamjibu nini?"

"Bado. Kuna nafasi mbili. Kuna mwandishi, na kuna mchangiaji."

"Na mimi umeniweka wapi?"

"Nilifikiri mchangiaji."

"Nilichangia nini, dada? Viti?"

"Sehemu ya mapengo."

"Haya. Na kifurushi chenyewe ni cha kufanya nini?"

Bi Asilimia aliusogeza ule mstari juu na chini kwenye skrini.

"Nauliza tu, mimi si mtu wa takwimu tena. Ukitoa mapengo kinabaki nini?"

"Maelezo," alisema Bi Asilimia. "Na mimi."

Upande wa pili kiti kilivutwa. Kisha: "Futa mstari, utume. Ulisema utamaliza mwenyewe. Mimi nimekaa kimya miaka sita ili umalize mwenyewe. Usiniharibie."

"Niliufuta."

"Ukaguzi ukasemaje?"

"Ulipita."

"Sasa?"

"Sasa sikuweza kutuma." Aliizungusha kalamu mezani. "Kwa nini hukuniaga? Uliwaaga wote, mpaka mtu wa bustani."

"Mtu wa bustani alinitakia heri, basi. Wewe ungeniuliza asilimia."

"Asilimia ya nini?"

"Ya kurudi."

Alifikiri juu ya hilo. Ilikuwa kweli kabisa. Lingekuwa swali lake la kwanza.

"Ilikuwa ngapi?"

"Sifuri, dada. Ningekwambiaje sifuri, na meza yangu iko mita moja kutoka yako?"

Bi Asilimia alitazama nje. Yadini, fundi bomba alikuwa akikagua mabomba mapya kwa kuyagonga moja moja na kusikiliza.

"Sikumaliza mwenyewe," alisema. "Nilijaribu mara tano kuiandika upya ile sehemu. Sikuweza. Mara ya mwisho nilipata nyumba inayorudisha maji bombani."

Sasa mdogo wake alicheka kweli, kile kicheko cha zamani cha kukohoa. "Inarudisha! Ngapi kwa mwezi?"

"Lita mia tatu."

"Watu wema hao. Na mwaka mrefu?"

"Mwaka mrefu uliniua kabla ya hapo."

"Nilikuandikia usiguse."

"Uliandika pia nikuite kwanza."

Mdogo wake alivuta pumzi. Nyuma yake sahani ziligongana, na mtu akauliza kama bado anaongea na wifi. "Bado," alijibu kando. Kisha akarudi kwenye simu. "Andika, basi. Mwandishi, si mleta viti. Na wewe tangulia, wewe ndiye mkubwa."

Waliagana bila kuahidiana kitu. Bi Asilimia aliongeza jina, akaondoa maneno "Kifurushi hiki", akamjibu mtu wa ghala: jina lile ni la mwandishi wa pili. Alitaka kueleza zaidi, lakini fomu haikuwa na nafasi ya hayo.

Kilikubaliwa Jumanne. Ukurasa wake ghalani ukatokea, majina mawili yenye ubini mmoja. Wiki ya tatu ikaja barua ya kwanza ya mtumiaji, mtu wa mamlaka ya maji ya nchi nyingine, akimshukuru Bi Asilimia na mume wake kwa kazi nzuri. Alimtumia mdogo wake barua hiyo. Akajibiwa: "Mwambie kwamba huyo mume tayari ana mke, na mke huyo ana wivu."

Ijumaa ukafuata ujumbe mwingine. Mdogo wake alikuwa amekipakua kifurushi na kukisoma chote. "Geti likifungwa zaidi ya mwaka, tunagawanya vibaya. Mstari wa mia mbili na thelathini. Kosa ni langu."

"Ghala hawapendi toleo jipya haraka," alimwandikia. "Ni kungoja miezi miwili."

"Basi miezi miwili. Hakuna haraka."

Jumamosi alikwenda ofisini, akamwambia mlinzi leo tena, akapanda. Kosa alilipata mara moja, alama moja tu iliyokaa upande usio wake. Alilirekebisha kwa dakika ishirini, akaendesha ukaguzi, ukapita.

Hakumwambia. Wiki iliyofuata alimwandikia kumwuliza geti lililofungwa zaidi ya mwaka huhesabiwaje. Mdogo wake alimwelezea kwa aya tatu ndefu, na mfano. Akazisoma polepole, mara mbili, kama mtu asiyejua.