Kiti Alichopewa Mama

Kiti kilifika Babati kutoka Arusha juu ya mzigo wa Fuso, kimefungwa maboksi na nailoni. Mume wangu alikuwa amekiona kwenye simu, na hakutulia mpaka kiliposhushwa mlangoni kwetu Nangara. Muuzaji alikuwa amemweleza kwamba kimechanganya ufundi wa nchi mbili. Miguu na mikono ni kwa mtindo wa Denmaki, mbao nyembamba zisizo na nakshi yoyote. Mto na mgongo ni vya Kiitaliano, vinene, vya kitambaa cha rangi ya kutu, na ukikaa unazama. Maelezo hayo aliyashika kama katekisimu, na kila mgeni aliyeingia alisomewa.

Mimi nilikiona ni kizuri. Pia nilikiona ni kifupi mno. Nilikifumia kitambaa cheupe cha kuweka mgongoni, kama tunavyofanya kwa makochi yote hapa mjini, na mume wangu akakitoa. Inaonekana Waitaliano hawafumi.

Kiti kilikuwa bado kinanukia duka mama yangu alipoteleza shambani kwake, kule Mbulu, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaletwa kwetu tumuuguze. Katika yote aliyosema daktari, mama alishika jambo moja: siku atakapoweza kuinuka kitini bila kushikwa, anaweza kurudi kwake akaishi peke yake. Na mama alitaka kurudi. Alikuwa na ng'ombe kwa jirani, vitunguu swaumu ardhini, na nyumba aliyoijenga na marehemu baba. Kaka yangu mkubwa, anayefanya biashara ya mazao Bagara, hapa hapa Babati, alitaka abaki mjini na shamba likodishwe. Mtu wa kulikodi alikuwa ameshampata.

Sasa, mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwewe si jambo dogo kwetu. Anakaa kama mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hakatai anachopewa. Mume wangu alimpa kilicho bora.

"Shikamoo, Mama. Karibu kwenye kiti chako," alimwambia kila asubuhi.

"Marahaba, baba. Asante sana," mama alijibu, akajitumbukiza.

Angesema hakimfai, ingekuwa sawa na kumwambia mkwewe kwamba nyumba yake haina pa kumkalisha mtu. Kwa hiyo alikaa. Kazi ilikuwa kuinuka. Magoti yalikuwa juu kuliko kiuno, mikono ya kiti imelala nyuma, na mto unamvuta chini. Tulimwinua mimi na mume wangu, mmoja kila upande.

Jumapili baada ya ibada kaka alikuwa akija kumkagua. "Mama, hebu inuka tuone." Mama alijaribu, akarudi chini. Kaka alitikisa kichwa kwa masikitiko ambayo, sitaficha, yaliniudhi.

Jikoni mambo yalikuwa mengine. Mume wangu akishaenda kazini, mama alihamia kwenye kiti cha mbao cha huko, akachambua maharage, akainuka kuangalia moto, akakaa, akainuka tena. Nilimwambia kaka. "Hicho kinamsukuma chenyewe," akasema. "Apimwe kwenye kizuri." Nilimwomba mume wangu tukifiche kiti chake kipya chumbani, mama akalie kile cha jikoni. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Unataka mama yako akae kwenye kiti cha jikoni nyumbani kwangu? Watu watasemaje?" Basi nikawa na wanaume wawili wanaompenda mama yangu kwa dhati, na kwa upendo huo wanamnyang'anya shamba lake.

Jumapili moja kaka alikuja kumaliza maneno. Mume wangu akamkaribisha mama kitini kama kawaida. Mama akabaki amesimama na fimbo yake, akamgeukia kaka.

"Kaa wewe," alisema. "Baba yenu hayupo. Mkubwa ni wewe."

Sijawahi kumwona mtoto wa kwanza wa kiume anayekataa neno kama hilo. Kaka ni mtu mnene. Alikaa, akazama, akatabasamu, na mume wangu akapata nafasi ya kumweleza habari za Denmaki. Mama alivuta kiti cha plastiki akakaa karibu na mlango. Mume wangu hakupenda, lakini heshima ilikuwa ya mama na alikuwa ameigawa mwenyewe.

Kaka aliongea vizuri. Alitaja umri, baridi ya Mbulu, uaminifu wa yule anayetaka shamba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tuombe," akasimama.

Sote tulisimama, maana kwetu hatuombi tumekaa. Kaka alijivuta mbele. Mto ukamrudisha. Akashika mikono ya kiti, akajivuta tena, jasho likamtoka, na bado makalio hayakubanduka. Mume wangu alikuwa anaangalia sakafu. Mama alivuka sebule, fimbo mkono mmoja, akampa mwanawe ule mwingine, na kaka akainukia hapo.

"Pole, mwanangu," alisema. Hakucheka. "Haya, omba."

Sala ilikuwa fupi na shamba halikutajwa. Baada ya amina mama aliuliza basi la Mbulu linaondoka saa ngapi. Kaka, akiangalia dirishani, alijibu kwamba hakuna haja ya basi, atampeleka mwenyewe kwa gari.

Nilitaka kupiga vigelegele. Halafu niliingia chumbani kumkunjia nguo zake, nikajikuta ninalia. Muda wote niliompigania arudi kwake, sikuwahi kufikiri kwamba ni kwangu anakoondoka.